Mshale Chini ya Arobaini

Kama ndiyo kwanza umetoka mezani, iache hadithi hii mpaka chakula kishuke. Ina uchafu ndani yake, na mimi sina namna ya kuuosha.

Trekta lilikuwa la mtumba, jekundu, magurudumu yake ya nyuma yanampita mtu mzima kimo. Walilinunua mke na mume. Mke ndiye aliyeliendesha, na watu wote walimwita Dereva. Mume alikuwa Fundi, hata mama yake mzazi alimwita hivyo hivyo. Mpango wao ulikuwa mke alime mashamba ya watu, mume alitunze trekta, maisha yasonge. Aliyewauzia alikuwa mwanaume mpole kupita kiasi, asiyeweza kumtazama mtu usoni.

"Lilikuwa la mdogo wangu, marehemu," aliwaambia. "Ni zima kabisa. Geji ya joto tu ndiyo haifanyi kazi. Msiihangaikie."

Jamani! Unamwambiaje fundi asihangaikie kitu kibovu?

Siku ya tatu Dereva alirudi kutoka shambani saa tano asubuhi. Injini ilikuwa imeunguruma saa nne mfululizo, rejeta inababua uso, na mshale wa geji umelala palepale kwenye sifuri.

"Siku moja injini itaungua na mimi naangalia sifuri," alisema akiruka chini.

"Leo naifunua, bibie. Ngoja ipoe," Fundi alijibu, akasugua viganja kama mtu aliyealikwa harusini.

Alianzia kwenye sensa, kile kidude cha shaba kinachochomekwa kwenye injini kionje joto la maji, kisha kipeleke habari kwenye geji kwa waya mmoja. Waya wenyewe ulikuwa umefungwa ajabu. Juu utepe mweusi, chini yake nailoni, chini yake kipande cha shuka, chini yake utepe tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiungio kikavimba kama goti.

"Huyu alikuwa anafunga waya au anafunga kidonda?" Fundi alicheka. Akavikata vyote kwa kisu, akavitupa.

Akachomoa waya kwenye sensa, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka mpaka mwisho, upande wa moto. Akaurudisha waya mahali pake, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. "Geji nzima, waya mzima. Mgonjwa ni sensa." Ili aitoe sensa ilibidi kwanza maji yapungue, na bomba la kumwagia chini ya rejeta lilikuwa limeziba kwa kutu. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wote, na ambavyo wake zao wote huwakataza: akatumbukiza mpira kwenye mdomo wa rejeta, ncha ya pili akaitia kinywani, akavuta.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kwa mkupuo mmoja, mazito, yanateleza, na Dereva akaona kabisa kikoromeo cha mumewe kikipanda na kushuka.

"Tema!"

"Yameshapita," Fundi alisema huku machozi yakimtoka. Akatema mate ya rangi ya kutu, na ndani ya mate mlikuwa na unywele. Akaushika auvute. Ukaja, ukaendelea kuja, urefu wa kidole, urefu wa mkono, na mwishoni ukatoka na kinyama cheupe, laini, kilichong'ang'ania kwenye kucha yake. Harufu iliyopanda ilikuwa ya tambara la jikoni lililosahauliwa kwenye ndoo wiki mbili, na ndani ya uvundo ule mlikuwa na utamu, utamu wa nyama iliyooza. Dereva alishika mdomo.

"Tazama," Fundi alinong'ona.

Mshale ulikuwa umepanda. Ufunguo wa trekta uko mfukoni mwake, injini imepoa, na mshale umesimama kabla kidogo ya arobaini. Akafungua nyaya za betri. Mshale haukusogea.

"Imejitibu," alisema, lakini hakucheka.

Kesho yake hakuamka. Zahanati walimpima wanavyojua, wakampa vidonge vya homa, wakamrudisha kitandani. Jasho lake lilichora shuka kwa kutu. Tumbo lilitoa mlio wa maji yanayopita kwenye mpira, na pembeni ya mdomo ulimchuruzika ute ambao Dereva aliufuta asubuhi, akaufuta mchana, mpaka akaona haya kwa jinsi alivyoanza kumwonea kinyaa mume wake mwenyewe.

Lakini fundi ni fundi. Siku ya pili, mchana, alimvuta mkewe kwa kidole. "Ile sensa... itoe. Maji ya moto kwenye sufuria. Itumbukize, waya ukiwa umeshika. Mshale ukipanda, ni nzima."

"Wewe unaumwa, unawaza sensa?"

"Nifurahishe, mke wangu."

Akaenda kumfurahisha. Akaifungua sensa, akaifunga waya wa pili mpaka kwenye chuma kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote, akaiteremsha kwenye sufuria inayotoa mvuke, akapanda kwenye ngazi ya trekta kuangalia. Mshale ukapita hamsini. Sitini. Sabini.

"Inapanda, Fundi!" alipiga kelele kwa furaha. "Inasoma!"

Akajibiwa na ukelele kutoka chumbani, ukelele wa mtu mzima anayeungua, na Dereva akaruka akakimbia, akajigonga mlangoni, akamkuta mumewe amejikunja, ngozi ya kifua imekuwa nyekundu na inavimba mbele ya macho yake, malengelenge yanapanda moja baada ya jingine, yanapasuka, yanatoa maji ya kutu yenye uvundo ule ule, naye analia, "Nitoe! Nitoe kwenye sufuria!", na hapo ndipo nywele zilipomsimama mwanamke yule, akageuka, akakimbia tena uani, akaitoa sensa majini kwa mkono mtupu.

Ukelele ukakatika.

Alijiambia huo waya ndio mchawi. Akaunyofoa kwa hasira. Mshale ukaanguka sifuri, nyumba ikawa kimya, na kimya chenyewe hakikumpendeza. Aliporudi ndani midomo ya Fundi ilikuwa ya bluu, kifua hakipandi, mwili baridi kama samaki wa kwenye barafu. Sijui miguu yake ilimfikishaje tena kwenye trekta. Aliuchomeka waya, na dirishani akamsikia mumewe akivuta pumzi.

Akachukua kipimajoto, akamtia kwapani. Thelathini na tisa na nusu. Akatoka kuangalia geji. Mshale ulikuwa unywele mmoja tu chini ya arobaini.

Ndipo alipomwita shangazi yake Fundi. Mama huyo aliuza mashuka sokoni, ila watu walijua kwamba majini yanamwogopa kwa mdomo wake. Alifika kwa pikipiki, mkoba begani, akaingia chumbani akatoka saa ile ile akiwa amefunika pua.

"Ebo! Mnalala na hiki kitu?"

"Shangazi, nisaidie. Nikiacha waya anaungua homa, nikiutoa anakufa."

Shangazi akajikaza, akarudi, akainama karibu na tumbo la mgonjwa. "Wewe uliyemo humo. Unataka nini kwa mwanangu?"

Midomo ya Fundi ikafunguka, ulimi haukusogea, na sauti ikapanda kutoka chini ikibubujika.

"Kwenye chuma asubuhi baridi, mchana moto. Humu joto halina adha. Nimepapenda. Mwambie mwanamke aache kuchezea waya."

Dereva aliuliza kwa sauti ndogo, akijua tayari jibu litakuwa baya. "Na yule marehemu? Mwenye trekta?"

"Alikuwa na joto zuri," sauti ikasema. "Likaisha."

Shangazi akamshika mkono, wakatoka hadi ukumbini. Alinong'ona upesi upesi. "Sikiliza, mke wa mwanangu. Liliingia kwa kuvutwa, litatoka kwa kuvutwa. Mpira ule ule. Ncha moja kooni kwake, ncha nyingine kinywani kwa mtu. Mara tatu, unatema kwenye ndoo. Tunalirudisha kwenye rejeta, tunawasha injini bila mfuniko, lichemke mpaka liishe lote kwa mvuke. Mimi nina pumu, pumzi hiyo sina. Na atakayevuta asimeze. Hata tone. Tone hukua."

"Nipe mpira."

"Umefikiria?"

"Shangazi, nipe mpira."

Kwanza ulikuja upepo wa tumboni, wenye joto, uliomfumba macho. Kisha ute, mzito kama ute wa yai, ukamjaa mashavuni. Akatema. Mara ya pili nywele zilipita kwenye ulimi wake, nyingi, zimesukana, na katikati ya nywele kulikuwa na kitu kinene, chenye uhai, kilichojinyoosha kinywani mwake na kumlamba ulimi taratibu, kama kinachoonja, na mwili wake wote ulitaka kuutupa mpira ukimbie mpaka mwisho wa dunia, lakini aliutazama uso wa mumewe, ule uso uliokuwa unacheka juzi na kisu mkononi, akavuta tena, akatema. Ndoo ikafanya mlio mzito na kilichomo kikaanza kujizungusha. Mara ya tatu Fundi alikohoa ghafla, mpira ukaruka, Dereva akapaliwa. Akatema. Akatema tena, akatema mpaka kinywa kikakauka.

"Umemeza?" Shangazi alimkazia macho.

"Sijameza."

Wala hakudanganya, kwa kadiri alivyojua.

Walirudisha sensa kwenye injini na nyaya kwenye betri, wakamimina ndoo kwenye rejeta, wakawasha. Nusu saa injini ilinguruma, mvuke ukatoka wa kahawia, unanuka, unapiga mluzi unaofanana mno na mtu anayebembeleza. Mluzi ukafifia, ukaisha. Walizima. Mshale ulikuwa sifuri. Chumbani Fundi alikuwa ameketi, anauliza nani kalichafua shuka lake namna hii, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka wakalia.

Siku ya tatu baada ya hapo Dereva alipita karibu na trekta akaona mshale kwenye kumi. Alisema ni jua. Siku ya tano ulikuwa ishirini na tano, naye alikuwa akipiga mswaki mara sita kwa siku, na kila akitema, povu linatoka na rangi. Siku ya saba alipanda kwenye kiti asubuhi, ufunguo haupo, betri ilishatolewa, na mshale ulikuwa umesimama kabla kidogo ya arobaini.

Alimtazama mumewe ng'ambo ya ua. Fundi alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, anakula mkate, amenenepa mashavu kidogo. Huenda ni yeye. Namna ya kujua ilikuwa moja tu, naye alikuwa ameoana na fundi muda mrefu wa kutosha kuijua. Akashuka. Akashika waya, macho hayamtoki mumewe, akauchomoa.

Fundi aliendelea kutafuna.

Baridi ilimpanda Dereva kutoka nyayoni, ikapita magoti, ikamshika moyo ukakosa pigo moja, ukakosa la pili. Kucha zake zikawa za bluu. Akauchomeka waya kabla vidole havijafa.

"Vipi hiyo geji?" Fundi aliita, mdomo umejaa. "Nije niiangalie?"

Angemwambia, na Fundi angekuja mbio. Angemlaza chini, angekwenda kuutafuta ule mpira, na ncha ya pili angeitia kinywani mwake mwenyewe bila kufikiri hata kidogo. Dereva alimeza mate. Yalikuwa na ladha ya kutu, na kitu kilijigeuza tumboni mwake, kimeshiba, kimetulia.

"Kaa ule, mume wangu," alijibu. "Nzima. Inasoma sawasawa."

Akafungua sanduku la vifaa, akatoa utepe mweusi, akachana kipande cha nguo yake, akaanza kuufunga ule waya, tabaka juu ya tabaka.