Sauti Kwenye Mlango wa Nyuma

Fundi aliyepewa jina la Masikio alitengeneza redio za magari, zile ambazo magari hutoka nazo kiwandani, na alisifika kwamba huujua ubovu kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo nesi mmoja alipomletea gari mchana, akisema spika ya mlango wa nyuma inakoroma hata redio ikizimwa, hakuona ajabu. Alimwambia huenda ni waya uliochubuka, unagusa bodi.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti wa nesi, mtoto wa miaka sita. Masikio alimsalimia, mtoto akamtazama tu. Mama yake akaeleza kwamba hii ni wiki ya tatu mwanawe hajatamka neno. Madaktari walimchunguza koo, hawakuona kitu.

Masikio akaanza kazi. Alichomoa fyuzi ya redio, mkoromo ukaendelea. Akaing'oa redio yenyewe kwenye dashibodi na kuiweka mezani, mkoromo ukaendelea. Akafungua mlango wa nyuma, akakata nyaya zote mbili za spika, na hapo ndipo aliporudi nyuma hatua moja, maana spika isiyo na waya ni karatasi na sumaku tu, haina cha kuiliza, na ile ilikuwa inapumua. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa garini. Aliinamisha sikio.

"Mama," spika ikasema kwa sauti ndogo, "nimechoka kukaa huku."

Nesi alijongea hadi kwenye spika.

"Huyo ni mwanangu," alinong'ona. "Hiyo ndiyo sauti yake."

Mtoto alikuwa palepale kitini, mdomo umefumbwa, machozi yanamtiririka.

Masikio hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, lakini maji yalishazidi unga. Alimpigia simu shangazi yake, mwanamke aliyewatibu watu wenye majini, naye hakukawia. Shangazi alitaka kwanza kujua gari limetoka wapi. Nesi akajibu kwamba alilinunua mkononi kwa mtu, na tangu siku ya kwanza binti yake alipenda kukaa nyuma akizungumza peke yake. Yeye alidhani ni michezo ya watoto.

"Hakuwa peke yake," shangazi alisema.

Alimshusha mtoto, akamkabidhi kwa mama yake, kisha akaweka kiganja juu ya spika na kuanza kusoma dua polepole. Sauti ya mtoto ikakatika. Ikaja nyingine, ya mwanamke, laini, ya mtu anayebembeleza.

"Alinisemesha mwenyewe. Miaka mingi hakuna aliyenisemesha."

"Mrudishie sauti yake."

"Nami nitabaki na nani?"

Shangazi alizidi kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo spika zote kuukuu zilizorundikwa kwenye rafu za karakana, zilizopasuka na zilizoliwa na panya, zilivyoanza kukoroma pamoja, kwanza chinichini kama nyuki ndani ya ukuta, kisha kwa nguvu hadi bisibisi zikacheza mezani na Masikio akahisi meno yanamuuma, na harufu ile ikawa nzito kiasi kwamba nesi alimficha mwanawe uso kifuani, mpaka shangazi alipopiga ukelele mmoja na kila kitu kikanyamaza.

Mtoto akakohoa.

"Mama," alisema, kwa mdomo wake mwenyewe.

Nesi alimkumbatia, akalia kwa kwikwi. Shangazi aliketi chini, jasho linamtoka, akasema yamekwisha. Hata Masikio alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akawaambia sasa atawarudishia redio yao waende zao nyumbani.

Mtoto alimnyooshea kidole.

"Mama," akasema taratibu, "yule dada ameshuka kwenye gari. Amemshika fundi mkono."

Masikio aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa na bisibisi. Akautazama wa kushoto. Ulining'inia ubavuni, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshikana na mwenzake, na baridi ilikuwa ikipanda kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko. Akajaribu kuvikunjua.

Vikabanwa zaidi.