Anayegonga Kihengeni

Siku Cheche alipokata dirisha la kwanza kwenye kihenge, mahindi yalimwagika kutoka kwenye tundu. Si mengi, kibaba kimoja hivi. Lakini kihenge kile cha chuma kilikuwa kitupu mwaka wa pili sasa, kimefagiliwa na kuoshwa kwa sabuni, na sakafu yake mpya ya saruji ilikuwa bado mbichi. Cheche, fundi wa kuchomelea aliyepata jina hilo kwa kuunguza mashati yake yote, akavua miwani.

"Dada, haya yametoka wapi?"

"Panya," akajibu mjane, mwenye kihenge.

Panya gani wa kubeba kibaba kizima, Cheche hakuuliza. Alikuwa na madirisha mengine matatu ya kukata.

Wazo la kugeuza kihenge kuwa nyumba lilikuwa la mama mkwe wake. Mwanawe wa pekee alizama humo ndani ya mahindi akafa, na yeye alitaka kulala hapo hapo. Mjane hakubisha. Hakuwa na wazazi wala ndugu; mama mkwe ndiye mtu pekee duniani aliyemwita mwanangu, na kulikuwa na jambo moja tu la kumnyang'anya jina hilo, nalo alilifungia kifuani.

Mtu akiingia kihengeni kuvunja mahindi yaliyogandamana, hugonga ukuta mara mbili kuuliza kama mlango wa chini umefungwa. Aliye nje huenda kuutazama, kisha hugonga mara moja: umefungwa. Ukiwa wazi, mahindi hutiririka na kumvuta chini aliye juu yake. Siku ile mume aligonga. Mjane alikuwa anaanika nguo, simu sikioni, shoga yake anamvunja mbavu kwa kicheko. Akaokota jiwe, akagonga mara moja kwa mazoea. Hakwenda kutazama.

Mama mkwe alihamia kabla rangi haijakauka. Kabati liligoma kukaa, maana ukuta wa mviringo haujui kabati, wakalicheka wote wawili. Adhuhuri ya siku ya tatu, Cheche amekwenda kula na mashine yake imenyamaza, ukuta ukagongwa mara mbili.

"Umesikia, mwanangu?" mama mkwe akanong'ona. "Ni yeye."

Akachukua kikombe, akajibu kwa kugonga ovyo ovyo, machozi yakimtoka. Hakuwahi kufanya kazi ya kihenge. Hakujua kwamba anaulizwa swali. Mjane alijua.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Kwanza ilikuja harufu ya mahindi yaliyovunda, kisha vumbi la pumba lililokaa kwenye maji ya kunywa na kwenye nywele za mama mkwe, na asubuhi moja mjane aliingia na chai akamkuta bibi wa watu amelala chali, anatabasamu, mahindi yamemfunika mpaka kifuani, na kila alipopumua yakapanda kidogo, bila mtu wa kuyamwaga, bila tundu la kupitia, huku ukuta ukiuliza swali lile lile taratibu.

Mtoa majini ambaye mjane alikwenda kumwita alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Aliweka sikio kwenye ukuta, akakaa hivyo muda mrefu.

"Huyu si mwanao, bibi," akasema. "Ni jini. Limeokota swali la mwisho la marehemu. Swali hilo lilijibiwa uongo, na uongo huo ndio chakula chake. Asipopatikana wa kujibu kweli, yatakufika puani."

Hakumtazama mtu. Mjane angeweza kunyamaza, aendelee kuitwa mwanangu siku mbili tatu zilizobaki. Badala yake akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, siku ile aligonga. Aliuliza kama mlango wa chini umefungwa. Nilijibu umefungwa. Sikwenda kuangalia. Ulikuwa wazi."

Nyuma ya ukuta kukasikika mahindi yakishuka, mengi, mavuno ya miaka, yakashuka mpaka yakaisha, na yale yaliyomfunika mama mkwe yakatoweka nayo. Harufu ikaondoka. Ikabaki ya rangi. Mzee akajifuta uso, akasema limekwenda, naye akaenda zake.

Mama mkwe akachukua kikombe. Akagonga, akasubiri. Akagonga tena. Nje, Cheche alizima mashine yake.

"Mama, lile halikuwa yeye," mjane akasema kwa sauti ndogo. "Lilikuwa jini. Lingekuua."

"Najua lilikuwa jini," mama mkwe akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwanangu hakuwahi kunigongea ukuta, alikuwa ananiita." Akaweka kikombe chini, akageukia upande wa pili. "Ungeniachia hilo hilo, binti."