Ubao wa Nyuma

Jioni ile nilitumwa makaa. Mtu kutumwa makaa si jambo la kusimulia, lakini mimi balaa langu lilianzia hapo.

Ilikuwa masika ya mwaka wa arobaini na nne, vita havijaisha, na hapa kwetu Mjambere mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Nguo zilinuka uvundo zikiwa kambani. Jua la kuanika kitu halikuwepo. Ndiyo sababu kaka yangu Gona, seremala, alipotuletea kabati la kukaushia siku ya Pasaka, mke wangu Kafedha alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Chini lina nafasi ya jiko la makaa, juu ya jiko kipande cha bati ili moto usiunguze, kisha rafu nne za waya za kupangia samaki na muhogo, na kileleni bomba la debe la kutolea mvuke. Ndani lote limepigwa bati. Kazi safi. Gona hakutaka hata asante.

Tatizo lilikuwa moja. Kabati halikaushi.

"Shikamoo, Bi Salme," nilimwamkia mama wa makaa.

"Marahaba. Umerudi, bwana lawama? Jana makaa yangu yalikuwa mabichi. Leo yana nini, yana homa?"

"Leo nataka ya mkoko, bibi. Makavu kabisa."

"Wallahi, hilo kabati lenu lina choyo. Linakula moto kutwa na kucha na halitoi jasho." Alicheka, akanijazia kikapu. Kisha akashusha sauti. "Na mkeo yuaamkaje?"

"Vivyo hivyo. Anakunywa maji tu."

Kicheko kikamwisha. "Mwanangu, nimezaa, nimeuguza, nimezika. Mtu hanywi vile."

Nikajitwika kikapu. Nilikuwa nimeshayasikia hayo moyoni mwangu, na sikupenda kuyasikia tena mdomoni mwa mtu.

Nilimkuta Kafedha ameketi mkekani karibu na mtungi, kata mkononi. Midomo imepasuka kama tope la ziwa lililokauka. Alianza kuona kiu wiki ile ile ya Pasaka. Alikunywa, akanywa, akanywa, lakini hakuwa akitoka jasho wala kwenda haja kama watu. Ngozi ya mikono ilikuwa imelegea, ukiifinya inabaki imesimama. Zahanati walimpa unga wa kukoroga. Kanisani tulimwombea. Asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa kumeza mate, na mimi nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nikichelewa nitamzika.

"Umepata makaa?" alininong'oneza.

"Nimepata. Lala."

"Litazame kabati, Kitsao. Samaki wataoza. Wanawake wa sokoni watanicheka."

Mwanamke anakufa, anawaza samaki! Basi nikaona heri nimridhishe.

Kazi yangu ni kuziba ndoo na masufuria, hivyo bati nalijua. Nilifungua mlango wa kabati. Harufu ya samaki mbichi ikanipiga, na chini yake harufu nyingine, tamu, chachu... kama tembo la mnazi lililolala. Nyumbani kwetu tembo haliingii. Nikajiambia ni muhogo umechacha.

Nilianza chini. Matundu ya kuingiza hewa yalikuwa na majivu, nikayazibua kwa msumari. Nikatia makaa mapya, yakashika vizuri, mekundu. Bomba nililichomoa nikalichungulia: wazi, naona mawingu. Samaki niliwapunguza, nikaacha nafasi ya vidole katikati yao ili hewa ipite. Nikafunga mlango, nikangoja mpaka nje kukawa giza, nikafungua.

Upande wa mlangoni samaki wameanza kukakamaa. Upande wa nyuma wanang'aa maji.

Nikapeleka mkono nyuma, nikagusa bati.

Baridi.

Si uvuguvugu. Baridi ya mtungi uliolala nje. Na moto ulikuwa unawaka chini yake!

Tukitaka kujua sufuria linavuja wapi tunatia maji. Tukitaka kujua hewa inavuja wapi tunatumia moshi. Nikawasha makumbi ya nazi, nikayasukuma chini ya kabati, nikainua koroboi nitazame. Moshi ukapanda, mweupe, mzito. Ukapita rafu ya kwanza. Ya pili. Ukafika ya tatu...

Ukageuka.

Haukwenda bombani. Ulikwenda nyuma, pole pole, kama mtu anayefuata jina lake. Ukaingia kwenye kiungo cha bati na kupotea. Nikasikia sauti, ndogo sana. Sauti ya mtu anayevuta pumzi baada ya kunywa.

Nakiri, sikuomba. Mkristo angeanza kwa Baba Yetu. Mimi nilianza kwa nyundo na patasi, kwa hasira, nikang'oa bati lile la nyuma kwa nguvu mpaka likanikata kidole.

Nyuma yake palikuwa na ubao mmoja, mpana kama kifua cha mtu. Uso wake ulikuwa umegeuzwa ndani. Ulikuwa na nakshi, pembetatu ndogo ndogo zilizochongwa safu kwa safu, na ndani ya pembetatu mabaki ya rangi nyekundu na nyeupe. Juu ulikuwa umekatwa kwa msumeno, pale shingo ingeanzia.

Nilizijua nakshi zile. Nilikuwepo zilipochongwa.

Kilikuwa kigango cha baba yetu.

Kwa asiyejua mila zetu Wagiriama: mzee wa Gohu, chama cha wakubwa wa mila, akifa, watoto wake humchongea mti na kumsimamishia bomani. Huo ndio kigango. Koma yake, roho ya marehemu, hukaa hapo, humwagiwa tembo, huvishwa vitambaa, husalimiwa. Kikishasimama hakiondolewi. Watu wakihama, kinabaki. Kikiliwa na mchwa, kinaanguka na kuoza papo hapo, na hakuna mkono unaokigusa. Mimi nimebatizwa, na mambo ya koma niliyaacha. Lakini hata mimi singekipitishia msumeno.

"Hodi."

Nikaruka. Alikuwa Gona, amesimama mlangoni, mvua inamdondoka begani. Kila jioni alikuja kumjulia hali shemeji yake, na kila jioni alisimama pale pale kizingitini. Nikakumbuka kwamba hajawahi kuonja samaki wetu.

"Ingia, kaka."

"Hapa panatosha. Shemeji yuaendeleaje?"

Nikainua koroboi, mwanga ukaangukia ubao.

Gona hakuuliza ni nini. Laiti angeuliza. Alifumba macho tu, kama mtu aliyekuwa akingoja.

"Umeupata wapi?" nikasema.

"Usipige kelele, Kitsao."

"Umeupata wapi!"

"Nyumbani. Nilipokwenda kumzika shangazi. Mbao zimeadimika, wajua mwenyewe, zote zimechukuliwa na vita. Nikakikuta kimeinama, nusu kimeliwa. Nikasema, sisi watu wa kanisa, huu ni mti tu." Akameza mate. "Nikautia kwenye kitanda cha Ruwa."

Ruwa ni mwanawe wa pekee. Nikakumbuka yule mtoto alivyougua kabla ya Pasaka, alivyokonda, alivyolia maji... maji... Na alivyopona ghafla, tukaimba kanisani.

"Kwa nini hukukirudisha?"

"Nilikwenda kwa mganga. Akaniambia aliyekikata akikirudisha kwa mkono wake, hafiki na uhai. Dawa ni kukitoa." Sauti yake ikawa nyembamba. "Kitoke kwa zawadi. Kwa mtu wa damu yangu. Akikipokea kwa furaha, basi kimehama."

Nilimwona Kafedha siku ile ya Pasaka, mikono juu, akipiga vigelegele.

"Ulituchagua," nikasema.

"Alikuwa mwanangu, Kitsao. Ungekuwa wewe..."

"Nimekula nawe sahani moja tangu tuna meno ya maziwa. Umekuja hapa kila jioni kumtazama akikauka!"

"Nilikuja kwa sababu inaniuma."

"Inakuuma! Mbona huvuki hicho kizingiti?"

Hapo kata ikaanguka. Ko... ko... ko... ikabingirika mpaka miguuni pangu.

Kafedha alikuwa amekaa wima. Macho wazi, lakini hakutazama mimi wala Gona. Alitazama ubao. Ile harufu ya tembo ikajaa nyumba nzima, nzito, ya kulevya. Moto jikoni ukazama, mwekundu, kisha mweusi.

Akafungua mdomo.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo wa ugoro. Ilisema Kigiriama cha zamani, kile cha wazee. Nimeizika sauti ile kwa mikono yangu.

"Naona baridi."

Nikapiga magoti.

"Naona kiu. Nilisimama na watu wangu, sasa nimelazwa na samaki." Kifua cha mke wangu hakikupanda wala kushuka. "Ni nani aliyenikata?"

Nikaikaza patasi mkononi.

"Ni nani? Nimwache huyu mwanamke. Nimshike mwenye deni la maji yangu."

Nikaelewa. Jina moja tu lilitakiwa. Nilitaje, Kafedha aishi.

Gona alikuwa amekamata miimo ya mlango kwa mikono miwili. Alinitazama. Akatikisa kichwa, pole pole. Midomo yake ikasema bila sauti: Usinitaje. Nina mtoto.

Mungu ananijua, nami sitajitakasa mbele ya msomaji. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilimtazama mke wangu, ngozi juu ya mifupa, nikamtazama ndugu yangu, nikavuta pumzi nimtaje. Lakini pumzi ile ilikuwa ndefu mno. Katikati yake nilimwona Gona mtoto, amenibeba mgongoni tukivuka kijito. Nikasita.

Kusita kidogo tu.

"Ni Kitsao, baba," akasema Gona.

Alisema wazi, kwa heshima, kama mtoto wa kwanza aliyeitwa na mzee.

"Ni Kitsao aliyekukata. Tazama patasi mkononi mwake."

Nami patasi nilikuwa nayo. Na damu kidoleni.

Nilitaka kupiga kelele. Baba, si mimi! Sikuwahi. Macho ya Kafedha yakageuka, yakanikalia. Yalinitazama muda mrefu, kwa huzuni ya mtu aliyetarajia hivyo tangu zamani. Baba alipokuwa hai, nazi ikiibwa, mbuzi akipotea, alimwita Gona kwanza na kumuuliza, na neno la Gona likawa ndilo. Nilidhani kifo humfungua mtu macho.

"Haya," ikasema ile sauti.

Kafedha akaanguka ubavu. Nikamkimbilia. Kipajini palikuwa na unyevu... Jasho! Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. Akafumbua macho yake mwenyewe, akanikunjia uso.

"Kitsao, mbona kuna giza? Nina njaa. Hakuna hata sima humu ndani?"

Nililia kama mtoto. Nilipogeuka mlangoni, Gona hakuwepo. Mvua tu.

Kigango nilikirudisha mwenyewe, na nilifika hai. Wazee walikipokea bila kuniuliza neno, wakakisimamisha na shingo yake iliyokatwa, wakamwaga tembo, na mimi nikasimama kando nikisali sala yangu. Kafedha amenenepa. Gona hakuja tena kutubishia hodi, na mkewe Mbeyu akiniona njiani huvuka upande wa pili. Mke wangu ananiuliza tumekosana nini. Sijamwambia. Angejua kwamba uzima wake ulinunuliwa kwa uongo, na kwamba mimi nilisita.

Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana. Tulipiga magoti mstari mmoja, na kwa kuwa kanisa lilijaa, Gona akajikuta kando yangu, bega kwa bega. Kikombe kikaja. Nilikipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, nionje tu. Nikanywa. Nikaendelea kunywa. Niliwasikia watu wakiguna nyuma yangu, nikamsikia pasta akininong'oneza, "Kitsao, basi... basi," akakivuta, nami sikukiachia mpaka kilipokuwa kitupu.

Gona hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, akisali kwa utulivu, kama mtu ambaye dhambi zake zimekwisha kubebwa.

Nikajilamba midomo. Ilikuwa imepasuka.