Miti ya Kwenye Vifuu

Haya aliniambia Mastura mwenyewe, mwaka wa hamsini na nane, akiwa ndani ya eda ya mumewe. Mimi nilikuwa mwari, jirani yao pale Ngamiani, na kila alasiri mama alinituma nimpelekee uji wa pilipili manga. Nikishaweka bakuli, ananishika mkono niketi. Alisimulia kipande kipande, na vipande hivyo ndivyo ninavyoviunga leo.

Walikutana sokoni. Mastura alikuwa akiuza vikuba vya maua na mrehani, kajitanda kanga za kisutu, kishada cha asumini nyweleni. Soko limefurika, kengele za baiskeli zinalia, wauza dagaa wanagombea kivuli. Mbele ya kapu lake akasimama kijana mwenye vumbi la msumeno hadi kwenye kope, penseli nyuma ya sikio.

"Bibie, una miti?"

"Miti iko msituni. Hapa pana maua."

"Nataka mti wa urefu huu." Akamwonyesha kidole chake.

Mastura akakitazama kile kidole, akamtazama na mwenyewe. "Unampandia nani kivuli, sisimizi?"

Wauza dagaa wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini hakuondoka.

"Nampandia mwanasesere," akasema. "Nimemjengea nyumba, sasa mwenye nyumba anataka na shamba."

Jina lake Uweso, fundi seremala wa Chumbageni. Bwana mmoja wa Kizungu, msimamizi wa shamba la mkonge, alikuwa na nyumba kule Raskazone na binti mmoja tu, Elsi, wa miaka saba. Mtoto alikuwa na maradhi ya moyo. Hakuruhusiwa kushuka ngazi, hakuruhusiwa kukimbia. Dunia yake ilikuwa baraza. Kwa hiyo babake akaagiza ajengewe nyumba ya mwanasesere barazani, na nyumba ilipokwisha, mtoto akaulizia bustani, maana aliona kila nyumba ya Raskazone inayo.

"Nimechomeka vijiti vya mpera," Uweso akasema, "siku ya pili vimenyauka. Mtoto amelia."

"Fundi wee. Umekata tawi ukaliita mti?" Mastura akakunja kapu lake. "Ngoja. Nitakuja mwenyewe, nisije nikasikia mtoto wa watu amelia tena kwa ajili yako."

Ndivyo Mastura alivyoingia Raskazone. Alikwenda ufukweni akachimbua miche ya mvinje iliyoota yenyewe mchangani, mirefu kama kidole, yenye umbo la mti mzima. Kila mche aliupunguza mizizi kwa mkasi, akaupanda ndani ya kifuu cha nazi alichokitoboa chini, kisha akakizika kifuu kwenye sinia kubwa la mbao lililojaa udongo, kisionekane. Majani laini ya ukuta wa kisima yakawa nyasi. Kipande cha kioo kikawa ziwa. Kando ya mlango mdogo akapanda mrehani, akawa anaukata vikonyo usizidi dirisha.

"Mbona unaifunga miti kwenye vifuu?" Elsi alimwuliza. Kiswahili alikijua kuliko lugha ya kwao.

"Mti ukikaa kwenye kifuu haukui, mwanangu. Lakini haufi."

"Kama mimi," mtoto akasema.

Mastura akainama, akajifanya anapanga kokoto.

Uweso alikuwa na kazi ya kutengeneza uzio wa ile bustani. Uzio wenyewe ulikuwa wa njiti za makuti, kazi ya siku moja, naye akaifanya mwezi mzima. Siku asizokuwa na kisingizio cha kwenda, alipiga simu kutoka duka la mbao alikokuwa akinunua mbao zake. Noa, Msambaa mtunza bustani wa pale, ndiye aliyekuwa akipokea, kisha anatoka barazani na kununa.

"Mama miti, simu yako."

Mastura alikishika kile chombo kama anayeshika kaa. "Haya, nani?"

"Mimi fundi. Naulizia mvinje wa tatu kutoka mlangoni, amelala vyema?"

"Amelala. Wa nne ndiye kakesha."

"Ana nini?"

"Anasema kuna mtu anamwota, hajui ni nani."

"Mwambie ni seremala. Mwambie anakuja na posa baada ya Ramadhani, kama kwao watamkubali."

Mastura akageuka. Noa alikuwa kasimama pale na ndoo, masikio yamesimama.

"Laazizi, upo?"

"Nipo," akasema taratibu. "Njoo na posa. Lakini uoge kwanza, nyumbani kwetu hawali maranda."

Ramadhani ilikuwa haijafika. Masika yalianza, na Elsi akaanza kuvimba miguu. Siku moja alimwita Mastura karibu na kiti chake.

"Mastura, nikienda, miti yangu itakuja?"

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Unajua."

Mama yake, memsabu, alikuwa kasimama mlangoni. Mastura alimwona, akangoja amkemee mtoto. Memsabu aliegemea mlango tu.

"Itakuja," Mastura akasema.

Elsi alikufa Alhamisi, mvua ikinyesha. Jeneza alilitengeneza Uweso kwa mbao zilizobaki kwenye ile nyumba ndogo, na zilitosha.

Wakamzika makaburini kwao. Mastura hakuhudhuria, nani angemwalika muuza maua? Lakini Noa alimweleza kwamba kaburi limeachwa tupu, udongo mwekundu tu, hata jani. Kwetu mtu hulazwa na mrehani juu yake, ukamwagiwa maji, maiti asikie baridi ya jani. Mastura hakulala usiku ule. Alfajiri alikwenda Raskazone, akapita uani, akapanda barazani. Aliing'oa miti yote, kifuu kwa kifuu, akaipanga kapuni na mrehani juu, akaenda nayo makaburini. Akafukia vifuu kwa mstari pande zote mbili za kaburi, akapanda mrehani kichwani. Akamwagia maji. Akarudi kwao kuoga.

Bwana alikwenda kaburini asubuhi ileile. Aliona udongo umechimbuliwa. Akafukua kwa mikono, akatoa kifuu cha kwanza, akatoa cha pili. Vifuu vya nazi vimezikwa kwenye kaburi la mwanawe. Alikuwa amekaa Afrika miaka ya kutosha kusikia habari za uchawi, na si miaka ya kutosha kujua mrehani ni nini.

Mastura alipofika Raskazone, aliwakuta watumishi wote wamesimamishwa uani kwenye manyunyu, na askari wawili. Uweso pia alikuwapo, alikuja kuchukua sanduku lake la vyombo. Bwana, macho mekundu, ameshika kifuu.

"Nani amefukua kaburi la mtoto wangu? Nani ametia uchawi?"

Uweso alimtazama Mastura. Akaona udongo mwekundu kwenye kucha zake, ambao maji hayakuutoa. Mastura akafungua kinywa.

"Ni mimi, Bwana," Uweso akasema.

"Uweso!"

"Wewe nyamaza, muuza maua, hayakuhusu." Hakumgeukia. "Ni mimi niliyeipanda, Bwana. Sikufukua. Nimepanda."

Askari wakamshika. Alipopita karibu na Mastura, akamnong'oneza, "Mwanamke hafungwi mbele yangu. Usiseme neno." Wakamtia pingu, mvua ikizidi.

Mastura alikuja kulisema hilo neno. Kesho yake hakusema, kwa sababu alishikwa na homa, lakini alipoweza kusimama alivaa baibui lake, akaenda Raskazone kwa miguu. Fundi alikuwa ameshahukumiwa kwenda gerezani. Memsabu alimpokea barazani, peke yake, kwenye kiti cha mtoto.

"Ni mimi, Memsabu. Si yule. Mtoto alikuwa ameniomba miti yake ije. Ulisikia."

"Nilisikia," memsabu akasema. "Na siku ile nilikuona. Nilikuwa dirishani. Nilikuona ukiiweka kapuni, nikafurahi."

Mastura alidhani hakuelewa vizuri. "Basi mbona amefungwa?"

"Mume wangu hakuwa amelala tangu siku ile. Alikuwa akizunguka nyumba na bunduki. Fundi alipofungwa, alilala."

"Memsabu, mwambie."

"Tunapanda meli wiki hii. Nikimwambia, atakutafuta wewe." Akasimama, akaishika ile nyumba ya mbao kwa mikono miwili. "Chukua. Hapa itachomwa."

Mastura alitaka kumtemea mate. Kisha akaona milango midogo jinsi ilivyorandwa, na bawaba zilizokatwa kwenye kopo la maziwa, na mahali Uweso alipokwaruza U moja ndogo chini ya ngazi. Akaitwika nyumba ile kichwani, akatoka nayo getini, akapita nayo barabarani hadi Ngamiani, watoto wakimfuata.

Noa alikuwa getini. Alimwona Mastura anaingia mikono mitupu, akaona anatoka na nyumba. Siku ya kuwatazama wafungwa, Noa alikwenda kwa Uweso, kwa nia njema tu ya kumpelekea sigara.

"Yule mwanamke wako," akamwambia, "kesi ilipokwisha alikwenda kwa memsabu. Wamezungumza faraghani. Katoka na zawadi."

"Zawadi gani?"

"Ile nyumba uliyoijenga."

Uweso aliiacha sigara ikaungua hadi kwenye vidole.

Tangu hapo Mastura alipokwenda gerezani na mkate wa kumimina kwenye kitambaa, mkate ulirudishwa. "Anasema hakujui, dada," askari akamwambia. Safari nyingine: "Anasema mkate huu mpelekee aliyekulipa." Mastura hakuelewa. Aliendelea kwenda hata askari wakawa wanamwamkia kwa jina. Uweso, huko ndani, alikuwa akipasua mawe, na vumbi la mawe likawa linapata nyumba kifuani mwake.

Alipotoka hakurudi Chumbageni. Akapotea.

Mastura aliposwa na watu wawili, akawakataa wote. Akapata habari kwa muuza machungwa: kuna fundi Muheza, mnyamavu, anakohoa, anagonga masanduku ya machungwa na misumari yake hainyooki tena. Mastura akashusha ile nyumba kutoka darini. Akaenda ufukweni, akachimbua miche, akatafuta vifuu, akaipanda kwenye kisinia mbele ya mlango mdogo. Kisha akapanda basi la Muheza, nyumba mapajani, kajitanda zile kanga za kisutu ambazo sasa zimepauka.

Alimkuta kwenye banda la makuti, nyuma ya lundo la machungwa. Amekonda, mabega yameingia ndani. Uweso aliinua kichwa, akamwona, akaona alichobeba.

"Umekuja kunionyesha mshahara wako?"

"Salamu hata kidogo huna? Nimekuja kukurudishia kazi yako." Akaitua juu ya sanduku.

"Walikupa kwa kunyamaza, au kwa kusema?"

"Kwa kusema."

Uweso akashika nyundo, akaiweka chini. "Nilijua. Nikajitia ndani kwa ajili yako, nawe ukaenda kunikandamiza."

"Nilikwenda kusema ni mimi." Sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Ulinikataza, nikaenda. Memsabu alikuwa akijua, Uweso. Aliniona kwa macho yake. Alikuacha ufungwe ili mumewe apate usingizi. Hiyo ndiyo zawadi niliyopewa, hiyo habari. Nyumba niliibeba kwa sababu ina alama yako chini ya ngazi."

"Noa alisema..."

"Noa aliona nyumba. Hakuona mdomo wangu. Nawe ukamsadiki Noa kuliko mkate wangu."

Uweso alikaa juu ya maranda. Alikohoa muda mrefu, na Mastura akaona alichokitema, akaona alivyokifukia haraka kwa mguu.

"Unanuka maranda vilevile," akasema, na machozi yakamtoka.

"Nyumbani kwenu hawayali."

"Watajifunza."

"Mastura, nitazame vizuri. Mtu wa kifua hiki si wa kuolewa naye."

"Nimekutazama. Posa ulisema baada ya Ramadhani. Ramadhani ngapi zimepita?"

Uweso alikichungulia kile kisinia, akaugusa mche wa nne kutoka mlangoni. "Na huyu bado anakesha?"

"Bado."

Wakaoana, wakakaa Muheza misimu mitatu ya machungwa. Mtoto hawakujaaliwa. Uweso alipoacha kuweza kushika randa, Mastura alimrudisha Ngamiani, chumba cha nyuma nyumbani kwa mamake, na usiku alimlaza kwa kumwegemeza mgongoni pake, maana akilala chali alikabwa. Ile nyumba ilikaa dirishani. Miti ilikuwa hai, urefu uleule.

Alikufa Ijumaa kabla ya swala. Wanaume wakamchukua. Mastura, kama desturi yetu, alibaki ndani.

"Kaburi la mtoto wa watu nilikwenda mwenyewe," aliniambia. "La mume wangu sikufika."

Siku ya tatu Noa alikuja. Alikuwa mzee sasa, kofia yake ya kanisani mkononi. Akasimama uani nyuma ya pazia, asiweze hata kupiga hodi vizuri.

"Mama miti. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Una jembe?"

"Ninalo."

Nilikuwapo, mimi ndiye niliyempitishia kapu chini ya pazia. Mastura aliing'oa miti kwenye sinia, mmoja mmoja. Safari hii alivipasua vifuu vyote kwa mchi, akaipa mizizi nafasi, akaifunga kwa kitambaa kibichi.

"Iachie udongo mtupu," akamwambia Noa. "Vifuu sitaki tena. Ikue."

Noa akaenda. Tulikaa tukimngoja, uji ukapoa. Nje watu walikuwa wakipita na baiskeli, mtu akinadi samaki. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa dirisha, juu ya nyumba ndogo isiyo na bustani, Noa aliporudi na udongo kwenye magoti.

"Nimeipanda," akasema uani. "Na mrehani kichwani. Maji nimemwagia."

"Hakuna aliyekukamata?"

"Hapana. Watu walinisaidia kuchota maji."

Mastura akajilaza kwenye mkeka kwa ubavu, mahali pale mumewe alipokuwa akimwegemea, akavuta kanga hadi mabegani. Nilidhani analia. Nikasogea nimpe uji, nikaona kinywa kimelegea kidogo na pumzi zinakwenda taratibu. Alikuwa amelala.