Saba ya Tangi la Tatu

Siki ilisoma saba.

Mama Pacha, mpimaji wa maji ya mji mzima, aliitazama mita ya kupimia ukali kama anavyowatazama wanawe wakiapa hawajagusa sukari. Saba ni namba ya maji yasiyo na ukali wowote; ya siki hushuka chini yake, ya sabuni hupanda juu. Akaisuuza elektrodi, kijiti cha kupimia chenye ncha ya kioo, akaichovya kwenye maji ya sabuni. Saba tena.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi," alisema Bosi Vyeti, aliyeitwa hivyo kwa sababu vyeti vilijaa ukutani na kichwani hakikuingia kitu. "Ncha ya kioo ilikauka, nikajaza maji kwenye kikofia chake."

"Kikofia hutiwa maji ya chumvi ya chupa ile. Wewe umetia yapi?"

"Maji ni maji, mama. Ya tangi la tatu."

Tangi la tatu lilifungwa tangu mlinzi alipoingia kulisafisha asionekane tena, hata kiatu. Bosi alilifungua kwa uvivu tu. Lilikuwa karibu na kiti chake.

"Saba ni safi. Tia sahihi, niufungulie mji maji."

Pacha wake wangekuwa wa kwanza kuyanywa. "Sitii."

"Kumbe unaogopa majini, na shule yote hiyo?"

"Namwogopa mjinga mwenye ufunguo."

Ndipo wakasikia: ngo, ngo, ngo. Ndani ya kioo. Harufu ya matope yaliyooza ikapanda, na katika ncha ile isiyozidi punje ya njegere Mama Pacha akaona kitu kikijikunja, kikijigeuza, kikiwatazama kwa jicho moja lililojaa kioo chote, huku kikigonga polepole kama mpangaji aliyechoka kungoja mlangoni.

"Usiiguse," alinong'ona.

"Uchafu tu huo," Bosi akajibu, akatoa leso akaanza kuisugua, asijue, pamoja na vyeti vyote vile, kwamba kioo hicho hakisuguliwi bali hugusishwa tu karatasi laini. Kikapasuka, kikamkata kidole gumba, na maji meusi yakamwagika, mengi ya kujaza ndoo, yakapanda mkono badala ya kushuka, yakaingia kidondani yote mpaka meza ikabaki kavu.

Mama Pacha akamnyang'anya ufunguo, akatoa elektrodi mpya kabatini. Siki ikasoma mbili na nusu. Maji ya mji yakasoma mbili: pampu ya asidi ya kurekebishia maji ilikuwa imekwama wazi tangu asubuhi.

"Bosi, umeona?"

"Saba."

"Unaitwa nani?"

"Saba."

"Afadhali. Leo umejibu kwa kifupi."

Jioni mke wa Bosi alipiga simu, sauti ikiwa chini kabisa. "Dada, mume wangu ameandaa sahani saba. Na humu ndani tuko wawili tu."

"Zirudishe jikoni, ulale."

Nyuma ya pumzi za yule mama, vijiko vikasikika.

"Siwezi, dada. Bado wanakula."