Nilimdhamini Mkwe Ambaye Siwezi Kuingia Kwake

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, mkulima wa mihogo huku Matayos. Msinicheke, wenzangu... Nilisimama mahakamani nikakubali kazi nisiyoielewa, na leo sijui nitokee wapi!

Mkwe wangu Barasa, mume wa binti yangu Nafula, alikamatwa mpakani Malaba akivusha pikipiki ya wizi. Nafula alinijia akilia, mtoto mgongoni, akasema korti inataka mdhamini mwenye shamba. Nikamuuliza mdhamini hufanya nini.

"Mama, wewe simama tu," akaniambia. "Ni kusema unamjua."

Kumjua! Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono wala kutazamana usoni, wala mimi siingii nyumbani kwake. Hata siku ile, yeye akiwa kizimbani, mimi nilitazama ukuta. Hakimu akauliza kama kweli namfahamu mshtakiwa, mbona simwangalii, watu wakacheka. Kisha akaniuliza kama naelewa kazi ya mdhamini. Ningesema sielewi, angenieleza. Lakini mtu mzima mimi, mbele ya watu wote wale? Nikaitikia kwa kichwa. Hati ya shamba langu ikabaki kortini, Barasa akaachiliwa kwa dhamana.

Kesi ilipotajwa, yaani kupangiwa tu siku, alikuja. Siku yenyewe ya kusikizwa, hakuonekana! Hakimu akatoa waranti akamatwe... nami nikaitwa. Ndipo karani, dada mpole, akanieleza. Mdhamini ndiye anayeahidi kwamba mshtakiwa atafika kila siku ya kesi. Asipofika, nimlete, la sivyo nije nitoe sababu kwa nini shamba langu lisichukuliwe. Shamba alimozikwa mume wangu!

Nikaulizia sokoni Busia, mpaka mama mmoja muuza dagaa akaninong'oneza kwamba Barasa amepanga nyumba upande wa Uganda, na Nafula yuko naye. Nikavuka.

Viatu vya Barasa vilikuwa mlangoni. Redio iliyokuwa ikiongea ndani ikazimwa. Nafula akatoka, akasimama katikati ya mlango.

"Hayuko, Mama."

"Na viatu?"

Akainamisha kichwa. "Kama unaona nadanganya, ingia."

Binti niliyemzaa mwenyewe! Alijua siwezi. Kuingia nyumba ya mkwe hivyo hivyo ni aibu ambayo hata wajukuu wangu wangeibeba. Nikamsikia Barasa akikohoa humo ndani... karibu hivyo! Nikainua mguu, nikaurudisha chini. Nikageuka, nikarudi Kenya.

Juma lijalo naenda kutoa sababu. Sababu gani? Nimwambie hakimu kwamba nilimpata mtu wake, nikashindwa na mlango ulio wazi? Nikimwita polisi, nimemfunga baba wa wajukuu wangu. Nikinyamaza, kaburi la mume wangu litalimwa na mgeni. Usiku nalala upande huu, nageukia ule, na pote ni pabaya.

Akina mama wenzangu, nawasihi. Msimdhamini mtu ambaye hamwezi kumshika mkono mkamrudisha kortini, hata awe wa damu. Na hakimu akikuuliza kama umeelewa, nawe hujaelewa, sema hujaelewa. Usiogope kuchekwa kama mimi. Kwani mimi niliyenyamaza, si walinicheka tu?