Karibu Kiti

Khamisa alikuwa akilisimamisha godoro la chumba namba sita ukutani lipate upepo, shuka mbichi kazibana kwapani, Garama mpishi alipochungulia mlangoni na kusema kwamba Purity amekaa.

"Amekaa wapi?"

"Ukumbini, kwenye meza ya wageni. Wageni wanangoja staftahi, na yeye kakaa kama bibi harusi. Nimemwita, haitiki. Nimemgusa bega, dada, baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu."

"Si umwambie ainuke."

"Nimemwambia. Kanitazama, akaniuliza mimi ni mtumwa wa nani."

Khamisa aliliachia godoro. Lilikuwa zito kwa maji, na jambo hilo lilikuwa likimkera tangu alfajiri, kwa sababu chumba namba sita hakikuwa na mtu. Aliyekikodi alighairi safari kabla meli haijang'oa nanga Diani, na dirisha lake la duara lilifungwa kwa komeo. Hata hivyo jana kitanda kilikutwa kimelaliwa, na leo kimelaliwa tena: katikati pana bonde la mwili mmoja, maji ya chumvi yametuama humo, na harufu ya udi imetanda juu ya harufu ya mwani uliooza. Fundi wa bomba alisema ni kiyoyozi. Fundi wa kiyoyozi alisema ni bomba. Wote wawili walikwenda kunywa chai.

Meli yenyewe, Marijani, ilikuwa ndogo, ya kutembeza watalii kati ya Diani na visiwa vya kusini, na asubuhi hiyo ilikuwa imetia nanga nje ya Funzi. Khamisa ndiye aliyesimamia vyumba na huduma. Maana yake ni kwamba kila lililoharibika humo, kuanzia chai baridi hadi mawimbi, aliletewa yeye.

Ujiani alizuiwa na Tobias, mgeni wa namba tano, aliyetoka bara na mkewe kusherehekea kustaafu.

"Madam, mimi si mtu wa kulalamika," alisema Tobias, ambaye tangu Diani alikuwa amelalamikia taulo, mto, uji na upande jua linakotokea. "Lakini huyu jirani yetu wa namba sita anaburuta kiti mchana kutwa. Hamwezi kumwambia kitu?"

"Namba sita hakuna mtu, bwana."

"Basi aliyeniomba marashi ni nani?" aliuliza Concepta, mkewe, akitokeza nyuma yake. "Jana mchana, wakati wa jua kali. Alisimama hapo mlangoni pake, buibui linachuruzika maji. Akasema huduma ya meli hii imekufa, tangu apande hakuna aliyemkaribisha isipokuwa msichana mmoja. Nikamwambia, mama, hapo tuko pamoja."

"Msichana gani?"

"Huyo wenu mrefu. Purity."

Khamisa alijibana ukutani. Alipita, na shuka zilizokuwa kwapani mwake zikaendelea kumlowesha ubavu.

Purity alikuwa ameketi mwisho wa meza ndefu, mgongo wima, viganja juu ya kitambaa. Viatu alikuwa amevua. Upindo wa sare yake ulikuwa ukidondosha maji, tone kwa tone, na chini ya kiti dimbwi lilikuwa limeanza kutafuta njia kuelekea miguu ya wageni, ambao walikuwa wamesogea wote upande wa pili wa ukumbi bila kuambiana.

"Purity, mwanangu, inuka," Khamisa alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatutazama."

"Hayupo," alijibu Purity. Lafudhi yake ya Kitui, ambayo Khamisa aliisikia kila siku, haikuwemo. "Nimekaa mimi. Wewe ndiye mkubwa wa watumishi?"

"Ndiye mimi."

"Basi sikia. Chumba ni finyu. Godoro gumu. Lile sanduku la upepo lanikausha ngozi. Asubuhi sikufukiziwa, jioni sikunyunyiziwa marashi. Nahodha hakuja kunipa mkono. Kahawa waliwaletea hawa, mimi wakanipita kama nguzo."

"La godoro ni kweli," Tobias alinong'ona, na mkewe akamfinya.

Nahodha Hashim aliitwa, akaja, akatazama kutoka mlangoni bila kuvuka kizingiti. Alikuwa mtu wa Vanga, ameishi baharini zaidi ya nchi kavu, na hakuhitaji kuelezwa.

"Amepandwa," alisema. "Bi Khamisa, mimi nina abiria. Nitamteremsha Funzi, wenyeji watajua la kufanya. Meli iende zake."

"Hateremki."

"Bi Khamisa."

"Nahodha, huyu analala kwangu Ukunda, chumba kimoja na Ikram wangu na wadogo zake. Mamake alisafiri kutoka Kitui kunikabidhi, akamshika mkono akautia mkononi mwangu. Ukimwacha pwani na kitu kichwani, nirudi nikamwambie nini yule mama? Tuma mashua ilete mpungaji wa pepo. Huyu tutarudi naye kama tulivyokuja naye, au mimi nibaki naye hapo hapo mchangani."

Hashim alituma mashua.

Mpungaji alifika baada ya adhuhuri. Aliitwa Bi Mbodze, mzaliwa wa Msambweni aliyeolewa Funzi, mwanamke mnene asiyepoteza maneno, na jaketi la kuokolea alilovishwa mashuani alikataa kulivua.

"Shikamoo, bibi," alisema Khamisa.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Alifukiza ubani. Alizunguka meza. Alimuuliza pepo jina lake, na pepo akasema jina lake si la kutajwa mbele ya wapishi. Garama alirudi jikoni.

"Nani aliyekupa kiti?" aliuliza Bi Mbodze.

"Mwenyewe. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi huu, naye akapita na sinia. Akaniambia, karibu kiti, mama. Nikamuuliza, kiti gani? Akasema, chochote unachopenda." Mkono wa Purity uliinuka polepole, ukatua kifuani pake. "Nimekipenda hiki."

Hapo hata Hashim aliinamisha kichwa. Kwa watu wa pwani, anayepandwa na pepo huitwa kiti cha pepo huyo, na mtoto wa pwani, hata awe mdogo, akiulizwa na asiyemjua "kiti gani?" angenyamaza akatafuta watu wazima. Purity alitoka bara, ambako kiti ni kitu cha kukalia tu. Alipoanza kazi alikuwa akiwaambia wageni "kaa hapo", wageni wakanung'unika, na Khamisa akamfundisha: mgeni akisimama, sema karibu kiti, akiuliza kipi, sema chochote unachopenda. Alimkaririsha mpaka yakamtoka hata usingizini.

Bi Mbodze alikizima chetezo.

"Mimi hapa sina ubishi," alisema. "Aliyejipenyeza mwenyewe namtoa. Huyu kakaribishwa kwa mdomo, kachagua kwa mkono. Nikipunga, nitampunga binti, pepo atabaki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zoea."

Alikuwa akifunga kikapu chake wakati harufu ya mwani ilipoongezeka, ikashuka kutoka darini kama kitu chenye uzito, na pazia zikatulia ingawa madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa ukivuma, na vyombo mezani vikaanza kutetemeka vikigongana kama meno, na kutoka chini, upande wa vyumba, wote wakasikia kiti kikiburutwa, kikasimama, kikaburutwa tena, kikija ngazini, huku kifua cha Purity kikipanda na kushuka kwa sauti ya maji yanayoingia na kutoka pangoni, na maji yakamtoka kwenye mikono ya sare, yakamtoka masikioni, na katikati ya mvumo huo, mbali sana, kama mtu aliye chini ya sakafu ya bahari, sauti ndogo yenye lafudhi ya Kitui ikasema, "Mama Ikram. Mama Ikram, siioni meli."

Khamisa alizitupa chini zile shuka ambazo tangu asubuhi hakupata pa kuziweka.

Waliokuwepo walidhani ataanguka kulia. Lakini alikuwa ameamka kabla ya jua, amebeba godoro la maji, hajanywa hata chai, amelaumiwa na kila mwenye kinywa, na sasa alikuwa na mgeni mmoja zaidi mwenye malalamiko. Wageni wenye malalamiko aliwajua. Alivuta kiti cha mvule kutoka kwenye meza, akakiweka mbele ya Purity, yeye akabaki amesimama nyuma yake, mikono juu ya egemeo.

"Malalamiko yako nimeyasikia," alisema. "La chumba ni haki yako, la godoro pia. Lakini kiti ulichochukua ulipewa na asiyekuwa nacho."

Vyombo vilitulia.

"Huyu ni mtumishi," Khamisa aliendelea. "Katika meli hii mtumishi hana kiti. Haruhusiwi. Toka asubuhi mpaka wageni walale yuko wima, chakula chake anakula wima, miguu ikivimba anavimba nayo. Muulize nahodha. Waulize hawa wageni kama wamewahi kumwona amekaa. Mtu hatoi asichokuwa nacho. Alichokuonyesha ni viti vya meli, na viti vya meli nimekabidhiwa mimi. Ungetaka kiti ungeniuliza mimi."

Purity aliinua uso. Macho yake yalikuwa meupe kama ya samaki aliyepikwa.

"Basi nipe wewe."

Khamisa alifungua kinywa, na neno alilolisema mara mia kila siku likamfika kwenye ulimi. Alilimeza.

"Nakupa hiki," alisema taratibu, akikigonga kile cha mvule kwa kidole. "Hiki cha mbao, chenye miguu minne, kisicho na damu. Kitakaa pembe hii ya meza. Utapakuliwa kwanza kabla ya mgeni yeyote. Namba sita ni yako, sitampa mtu, na marashi utawekewa. Zaidi ya hapo hapana. Na anayekaa kwangu hana viti viwili."

Mgeni mmoja alianza kusali kwa kunong'ona.

"Kina takia?" iliuliza ile sauti.

"Kitakuwa na takia."

"Na huyu?"

"Huyu hana kiti. Nimeshakwambia."

Maji yalimtoka Purity kwa mkupuo mmoja, kinywani na puani, akaanguka ubavu, na Khamisa akamdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Mbele yao kiti cha mvule kililia kama kinavyolia kiti kikikaliwa na mtu mzito. Tobias aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, wala hakuishusha kwa muda mrefu.

Bi Mbodze alikitazama kiti, kisha akamtazama Khamisa.

"Umeahidi, mwanangu. Siku mtakaposahau kumpakulia, hatauliza kiti gani. Atachagua tu. Ukienda likizo, nani atamhudumia?"

"Likizo," alisema Khamisa, kama mtu anayetajiwa ndugu aliyekufa zamani.

Purity alilala chumbani mwa Khamisa mpaka alasiri ikaisha. Alipoamka aliomba uji, akauliza kama wageni walipata staftahi. Khamisa alimwambia afunge mdomo anywe. Kisha akatoka nje, akashika reli ya sitaha kwa mikono miwili na kutazama mikoko ya Funzi kidogo tu, maana kulikuwa na chajio cha kuandaa.

Hashim aliamuru meli isiondoke kabla watu wote hawajahesabiwa. Wakati wa magharibi Garama alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sahani ya kwanza Khamisa aliibeba mwenyewe, akaiweka kwenye pembe, mbele ya takia ambalo tayari lilikuwa limebonyea. Hakuna aliyecheka. Mvuke wa wali ulikatika palepale, kama mshumaa uliopulizwa. Baadaye Garama angeonja punje moja kutoka sahani ile na kuitema: haikuwa na chumvi wala nazi, ilikuwa kama karatasi iliyoloweshwa.

Wengine walipakuliwa. Khamisa alisimama mlangoni akihesabu vichwa, kuanzia wageni hadi mabaharia, akitaja jina na kungoja jibu.

"Purity."

"Nipo, Mama Ikram."

Ilikuwa lafudhi ya Kitui, nzito vilevile. Khamisa alivuta pumzi.

Purity alikuwa amesimama kando ya meza ya vyombo, uso wa kijivu, kaishikilia meza kwa mkono. Concepta alimwona. Siku zote hizo mama huyo hakuwa amemsemesha ila kuagiza, lakini sasa macho yalimlowa, akanyanyuka na kuvuta kiti kilichokuwa kitupu.

"Maskini, huyu mtoto ameteseka. Njoo, mwanangu. Njoo ukae."

Purity alipiga hatua.

Kwenye pembe ya meza, kile kiti cha mvule kilijigeuza kidogo, kikawaelekea.

"Asikae," alisema Khamisa.

"Lakini, madam, hata wewe unaona anavyo—"

"Asikae. Nimesema hana kiti. Kirudishe mahali pake, mama, tafadhali. Nakuomba."

Concepta alikirudisha. Khamisa alipakua sahani mbili, akavuka ukumbi, akamtia Purity moja mkononi. Akasimama karibu naye, bega kwa bega, ili aweze kumwegemea.

"Kula," alimwambia. "Utazoea."

Walikula, wote wakiwepo, wageni wameketi na wao wawili wima.